Yaya, nilisoma Kingereza, sasa nikule nini?

Swali:

Yaya, jambo. Nilimaliza Kingereza ku UNILU (iniversite ya Lubumbashi), mwaka wa pili sasa niko natembeza madosye mu Lubum. Nafundisha mu koleji moja ya prive ku Katuba, banatulipa kama bazazi bamelipa, mu vakansi hakuna kintu. Baba kila siku ananiambia ningesoma droa. Barafiki banasema nisome Kichina juu mamine mingi iko ya Bachina. Na hii diplome naweza kufanya nini, isipokuwa kufundisha?

Mutoto wa Katuba

Jibu:

Mudogo wangu, kwanza achana na ile ya droa. Ba-avoka benye habana hata dosye moja bako mingi mu Lubum, baba yako anaona tu kravati zabo. Lakini kuna fasi moja baba ana haki: ulisoma luga, haukusoma kazi. Kingereza njo chumvi, na hakuna mutu anakula chumvi peke yake, inaomba bukari na samaki pembeni. Mi pia nilipita mule mule mwenye ulipita, na bale ba promosyo yetu benye banakula muzuri lelo, kila moja alitafuta kwanza bukari yake, moja duane, mwengine sekirite ya mu mine, mwengine kompta, kisha Kingereza ikakuya juu.

Sasa angalia fasi yenye tuko. Kopa na kobalti yetu haina bahari. Gari ikitoka Kasumbalesa, kwetu ku mupaka, inaingia Zambia, ikienda Durban inapita tena Zimbabwe ao Botswana, ikienda Dar es Salaam inapita Nakonde, mupaka wa Zambia na Tanzania, na njia yote ile karatasi ni za Kingereza. Ikirudi na mashini ao asidi, karatasi ni ile ile ya Kingereza, lakini hapa kwetu leta inataka Kifransa. Pale katikati inaomba mutu. SADC, muungano wa inchi za kusini ya Afrika, tuko ndani tangu 1997, Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, na mu zote mbili Kingereza njo inatembeza kazi.

Nikuelezee yangu. Kazi ya kwanza nilipata ku Kasumbalesa, kama kilometa 90 na hapa, mu biro ya deklara moja (mutu wa kupitisha mizigo ku duane), meza mbili na emprimante yenye ilikuwa inakula karatasi. Bananipa madokima ya gari ya mapompi, inatoka Johannesburg. Nasoma yote, hakuna neno lenye linanishinda, najisikia bosi, naandika mu deklarasyo kilo za mapompi zenyewe fasi yenye banaomba kilo pamoja na makesi na mapalete. Gari inapanda ku baskile, kilo hazipatane na karatasi. Ikalala siku ine. Shofere, baba moja wa Ndola, alikuwa anapika nshima yake chini ya remorki, na kila asubui nikipita ananiuliza polepole tu, «Lelo, mukwai?» Angenitukana ningesikia afazali. Kingereza nilikuwa naijua, ni mambo ya kilo njo sikujua, na pale mupakani hakuna mwenye anakuuliza ulipata pwe ngapi mu gramere.

Basi kama duane inakupendeza, enda ukakae staji ku deklara miezi ine ao tano, hata banakupa transporti tu. Ujue namna deklarasyo inaingia mu Sydonia (programu ya duane), karatasi gani ni ya OCC (benye banakontrole mizigo), gani ni ya DGDA (duane yenyewe), na setifika ya orijini ya COMESA, soko ya inchi za mashariki na kusini ya Afrika, inasaidia nini ku kodi. Ukitoka pale na Kingereza yako, batransiteri banakugombania.

Mu mine nako, usifikiri enterprete ni mutu wa kukaa na bakubwa mu klima. Kazi mingi iko asubui, mbele ya kuanza, shefu anasema mu Kingereza dakika kumi juu ya hatari ya ile siku, na wewe unageuza mu Kifransa na mu Kiswahili. Hapo ni maneno yenye haukuona mu mashairi ya Uingereza, mukaba wa kubeba mawe, bwawa la matope ya mabaki, valvu. Mufano moja. Kama banatengeneza mashini, kila mutu anatia kadena yake mwenyewe ku kasha ya kurante na anabaki na ufunguo mu mufuko yake. Wewe ukigeuza «muzime mashini» tu, bantu batazima, mwengine mwenye hajui kintu atakuya kuiwasha, na mwenzake mukono iko ndani. Njo maana bale benye banaongezea fomasyo ya sekirite ku diplome ya Kingereza banaingia mbele ya bengine.

Kuna njia ingine yenye bantu habaoni. Sheria ya 2017 inasema sutretansi (kazi yenye kompani kubwa inapatia kompani ingine) ni ya masosyete yenye mutaji yake mingi iko ya Bakongomani. Kwa hiyo hapa kwetu kuna mapatro wadogo wadogo, moja anajua kusude chuma, mwengine ana magari, lakini mine ikitosha apel dofre (tangazo ya kutafuta mwenye atafanya kazi) ya kurasa makumi ine mu Kingereza, anaiangalia kama mutu anaangalia mvua. Enda kwake. Usimwambie «niko na diplome», mwambie «nitakuandikia ofa, ukipata soko unipe kintu». Ofa ya kwanza itakutesa, ya tatu utakuwa umeshajua namna.

Tafsiri ya ku intaneti? Iko, lakini tangu maprogramu inatafsiri yenyewe, bei ilianguka, sasa banalipa zaidi mutu wa kusahihisha kile mashini iliandika. Ifanye usiku, usiweke loyi ya nyumba juu yake. Na mutu akikuomba falanga mbele ya kukupa kazi, yule ni mwizi, mambo imekwisha.

Kichina ni muzuri, sikatae, lakini inaomba miaka na hauna bukari bado. Kisha hata mu mine ya Bachina, karatasi za kutuma inje mingi iko mu Kingereza.

Kufundisha usikuache leo. Chukua karte ya ONEM (biro ya leta ya benye banatafuta kazi), juu mamine mingi inaiomba, sivi yako uiandike mu Kingereza, ukurasa moja ao mbili, bila ile mustari «napenda kusoma na kutembea». Na prefe wako, muombe atestasyo ya servisi sasa hivi, mbele ya vakansi, juu kisha bazazi bakikosa kulipa, hata simu yako atakuwa anaikimbia.