Kuhusu ugonjwa wa mjomba wako: barua kwa mwanangu

Kirumba, Mwanza

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama kipo kipimo cha kukuonyesha, kabla ya kufunga ndoa, kwamba skizofrenia, ugonjwa wa akili wa mjomba wako, imo ndani yako. Nakujibu kama mama na kama muuguzi mstaafu: kipimo hicho hakipo, si hapa hospitali ya Bugando wala ng'ambo. Daktari huutambua ugonjwa huu kwa kumsikiliza mgonjwa na ndugu zake, wala damu au picha ya ubongo haitoshi kuuthibitisha.

Hata hivyo, viashiria vya kifamilia vipo. Katika miaka ya 1970, nchini Marekani, Philip Holzman na wenzake waliwataka wagonjwa wafuatishe kwa macho kitu kinachobembea taratibu, wakaona kwamba macho ya wengi wao yalirukaruka badala ya kukifuata kwa utulivu; kisha wakaikuta hali hiyohiyo kwa ndugu wengi wa wagonjwa ambao wao wenyewe hawakuugua. Hapo ndipo penye jibu lako, mwanangu: alama walikuwa nayo, ugonjwa hawakuwa nao.

Tafiti za Ulaya zilizojumlishwa zinakadiria kwamba katika watu 100 wa kawaida huugua mmoja, katika watoto wa ndugu wa mgonjwa, kama wewe, huugua 4 hivi, na katika watoto wa mgonjwa mwenyewe 13. Hata katika pacha wa kufanana wa wagonjwa huugua takribani nusu tu, ingawa vinasaba vyao ni vilevile. Utafiti mkubwa wa mwaka 2022 ulikuta karibu sehemu 290 za vinasaba zinazohusika, na nyingi huongeza hatari kidogo sana. Upungufu wa kipande cha kromosomu ya 22 una uzito mkubwa, lakini ni nadra, na mara nyingi huambatana na kasoro za moyo au kaakaa, ambazo mjomba wako hana.

Ninachokuomba ni kukaa mbali na bangi, kwa sababu huongeza hatari, na umwambie hivyo mdogo wako pia, maana yuko katika umri ambao ugonjwa huu huanza. Mjomba wako alichelewa kutibiwa kwa sababu baadhi ya ndugu walisisitiza kwamba amerogwa, jambo linaloniuma hadi leo.

Mchumba wako mweleze mwenyewe, kabla hajasikia kwa wengine. Wazazi wake wakitaka maelezo zaidi, mimi na baba yako tutakwenda kuzungumza nao.

Mama yako