Saplaya akikutumia akaunti mpya ya benki, mpigie simu kabla hujalipa

Hii naiandika kwa wenzangu wanaoagiza mzigo nje, wa Kariakoo hasa, ila hata aliyeko Mombasa, Kampala au Lubumbashi itamfaa maana wizi huu haujali mpaka. Kazi yangu ni mahesabu na makaratasi ya maduka, yaani profoma (invoisi za awali za saplaya) zinapita kwangu, fomu za TT za benki, zile za kutuma hela nje, najaza mimi, na mabishano na masaplaya wa China na Dubai karibu yote yako kwenye imeli ninazoshinda nazo kutwa nzima.

Wizi wenyewe uko hivi. Kuna tajiri mmoja wa spea za pikipiki alikuwa anafanya biashara na kiwanda cha Guangzhou, bei wameshakubaliana, asilimia 30 ya kuanzia imeshaenda, imebaki 70 ambayo kama kawaida unalipa ukishatumiwa kopi ya BL, yaani hati ya meli inayoonyesha mzigo umepakiwa. BL ikaja. Kesho yake ikaja imeli nyingine, mazungumzo yote ya nyuma yapo chini yake, jina la dada wa mauzo ni lile lile, mpaka anavyosalimia ni vile vile, ila kuna mstari mmoja unasema akaunti yetu ya siku zote iko kwenye ukaguzi kwa hiyo salio lipeni kwenye hii hapa. Na hiyo hapa ipo Poland! Kiwanda kipo Guangzhou halafu hela yake ikapokelewe Poland? Nikasoma anwani ya mtumaji herufi moja moja, kwenye jina la kampuni palipotakiwa kuwa na m pamewekwa r na n zimebanana, ukisoma kwenye simu huwezi kuona tofauti. Tukapiga kiwandani kwa namba iliyokuwa kwenye profoma ya mwanzo kabisa, dada akasema BL kweli katuma yeye, ila hiyo ya akaunti haijui.

Sasa jiulize mwizi alijuaje kwamba BL imetoka jana. Alikuwa anasoma imeli za watu, taratibu tu, anasubiri siku ya malipo. Tulipofungua mipangilio ya imeli ya dukani tukakuta kuna amri imewekwa, kila ujumbe wenye neno invoisi unafowadiwa kwenda anwani ya nje ambayo hakuna mtu dukani anaijua. Kwa hiyo leo leo, kabla hujaendelea na kazi nyingine, ingia kwenye mipangilio ya imeli yako utafute sehemu ya kufowadi na sehemu ya filta, ukikuta kitu hukukiweka wewe kifute, badilisha pasiwedi, na utoe vifaa vyote vilivyolog in. Kubadilisha pasiwedi peke yake bila kufuta ile amri hakusaidii kitu, imeli zitaendelea kwenda kwa mwizi.

Na tusiseme wanaoibiwa ni watu wasiosoma. Kuna jamaa wa Lithuania anaitwa Evaldas Rimasauskas, kati ya 2013 na 2015 aliwapiga Google na Facebook zaidi ya dola milioni 120. Alichofanya ni kusajili kampuni Latvia yenye jina sawa na Quanta Computer ya Taiwan, ambayo kweli ilikuwa inawauzia vifaa, halafu wakatumiwa invoisi na imeli za kughushi na wao wakalipa. Akafungwa miaka 5 huko New York mwaka 2019. Kampuni zenye wanasheria na wahasibu kibao, zimeliwa. FBI wenyewe kwa mwaka 2023 walipokea malalamiko ya wizi wa namna hii wa jumla ya dola bilioni 2.9, na hayo ni yaliyoripotiwa tu.

Ndo maana nasema akaunti mpya ya benki haipokelewi kwa imeli, hata kama imeli imetoka kwenye anwani ya kweli kabisa, kwa sababu anwani ya kweli nayo inaweza kuwa mikononi mwa mwizi. Unapiga simu. Unapiga namba ya zamani uliyonayo, sio namba iliyoandikwa chini ya imeli mpya, na unaongea kwa sauti, kama mnafahamiana kwa sura piga video kabisa. Mwambie saplaya tangu siku ya kwanza, na iandikwe kwenye profoma, kwamba mabadiliko ya akaunti bila simu hayatambuliki. Hakuna saplaya wa kweli atakayenuna, wao pia wanaumia maana mzigo wameshautoa na hela hawaioni. Na dukani asiwepo mtu mmoja anayejaza fomu ya TT na kuipitisha yeye mwenyewe, awe mmoja wa kujaza na mwingine wa kukagua, hata kama huyo mwingine ni mke wako au mdogo wako, kwa sababu kuna aina nyingine ya huu wizi ambapo kijana wa dukani anapokea imeli ya "bosi" yuko safarini, anataka hela itoke ndani ya saa moja na asipigiwe maana yuko kikaoni.

Tuje kwenye imeli yenyewe. Biashara inayotuma dola nje isitumie imeli ya bure ambayo na watoto wanaitumia kufungulia magemu. Nunua domeini yako, yaani lile jina linalokaa baada ya @, kwa Tanzania .co.tz ziko chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ila unanunua kwa wakala waliosajiliwa, Kenya wanaosimamia ni KeNIC, halafu imeli zako ziweke Google Workspace au Microsoft 365 au Zoho Mail. Mimi duka la watu wawili watatu huwa nalipeleka Zoho kwa sababu ya gharama, wanaoishi kwenye Excel nawapeleka Microsoft. Ila hapa naomba mnisikilize vizuri sana: domeini isajiliwe kwa jina la biashara na imeli ya mwenye biashara, sio ya fundi wa website. Nimeona maduka ambayo fundi alisajili kwa jina lake, siku ya kulipia tena hapatikani kwenye simu, domeini ikafa na imeli zote zikakata, na wateja wa nje wakadhani duka limefungwa.

Ukishanunua mwambie fundi aweke SPF, DKIM na DMARC. Kwa lugha nyepesi, SPF ni orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma imeli kwa jina lako, DKIM ni saini inayoonyesha ujumbe haujachezewa njiani, DMARC inawaambia wapokeaji wafanye nini na imeli iliyofeli hizo mbili. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanawabana wanaotuma imeli nyingi wawe nazo zote, na hata wewe unayetuma chache zitakusaidia invoisi zako zisiishie kwenye spam ovyo. Lakini hivi vitu havimzuii mwizi aliyesajili domeini nyingine inayofanana na yako, ile ya r na n inapita vizuri tu, kwa hiyo simu bado ni lazima. Weka pia uthibitisho wa hatua mbili kwa programu ya simu badala ya SMS, maana laini ikichukuliwa na matapeli na SMS zinakwenda huko huko.

Kuna na hili la magrupu. Magrupu yetu ya wafanyabiashara asubuhi ni siasa, mchana ni reti ya dola, jioni mtu anatupia skrinishoti ya slipu ya TT anauliza wadau mbona hela haijafika. Siasa ongeeni, inatuhusu, bajeti na ushuru vinatugusa sisi kwanza. Ila ile slipu ina jina la kampuni yako, akaunti yako, jina la saplaya, benki yake na kiasi, na kwenye grupu la watu mia kadhaa hujui nani ni nani. Ukitaka msaada kata picha ibaki sehemu yenye tatizo tu. Na siasa inaingia kwenye malipo kwa njia nyingine pia, mnakumbuka uchaguzi wa Tanzania wa tarehe 29 Oktoba 2025 intaneti ilizimwa siku kadhaa, imeli haziendi, WhatsApp haiendi. Kipindi kama hicho kikikaribia waandikie masaplaya mapema kwamba mkipotea hewani malipo yanasubiri, namba zao ziwe kwenye daftari, na mtandao ukirudi usilipe chochote chenye akaunti mpya kwa haraka ya kufidia siku zilizopotea.

Benki sasa. Jifunze kusoma SWIFT code, yaani kodi ya kutambulisha benki kimataifa, ina herufi 8 au 11, nne za kwanza ni benki, mbili zinazofuata ni nchi. BKCHCNBJ ni Bank of China, CN ni China, ukiona PL pale ujue ni Poland. Wachina wengi wana akaunti za Hong Kong, yaani HK, hiyo ni kawaida, ila jina la akaunti ulizie. China haitumii IBAN, ile namba ndefu ya akaunti inayoanza na herufi mbili za nchi, kwa hiyo saplaya wa China akikupa IBAN simama kwanza, Dubai wanatumia na yao inaanza na AE na ina tarakimu na herufi 23 jumla. Usitegemee benki ndio ishtuke kwamba jina na namba havilingani, Marekani kwa mfano sheria inairuhusu benki kufuata namba ya akaunti tu.

Kwenye makato ya benki chagua OUR, yaani unalipa yote wewe, kama saplaya anataka hela ifike nzima, SHA mnagawana, BEN anakatwa yeye. Dola mara nyingi inapita benki za kati za New York na huko nako wanakata, ndo maana unatuma 10,000 inafika pungufu kidogo na watu wanagombana bure. Omba MT103 kila ukituma, yaani kopi ya ujumbe wa malipo ambao benki yako imetuma (tangu Novemba 2025 ujumbe wenyewe kati ya benki unaitwa pacs.008), ina namba ya kufuatilia inayoitwa UETR, mtumie saplaya siku hiyo hiyo kwa njia mliyokubaliana aseme kama akaunti ni yake.

Akisema sio yake, usianze kumjibu yule mwizi kwenye imeli. Nenda benki saa hiyo hiyo na MT103 mkononi, waombe kwa maandishi warudishe malipo na waiandikie benki iliyopokea kwamba ni utapeli, baki na kopi yenye muhuri, kisha nenda polisi ukiwa na imeli zote, usifute hata moja. Hela ikiwa bado imekaa kwenye ile akaunti ya kwanza inaweza kuzuiwa, ikishahamishwa kwenda nchi ya pili au ya tatu inakuwa kazi nyingine kabisa, kwa hiyo usisubiri kesho asubuhi, na ikiwa ni Ijumaa jioni piga namba ya dharura ya benki usiku huo huo.