Nozo nne za nini, na silinda inayomisi ni moja?

SWALI: Fundi, shikamoo. Nina Toyota IST ya 2004, injini 1NZ. Asubuhi nikiwasha inatetemeka na kunuka petroli kama dakika moja, kisha inatulia. Taa ya injini inawaka. Fundi wa huku ameipima kwa mashine ikatoa P0302, akasema ninunue nozo zote nne, vile vipulizia petroli vya injini. Ninunue?
Mwalimu, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwalimu. Hela kaa nazo kwanza. P0302 maana yake silinda ya 2 inamisi, yaani haichomi petroli sawasawa, basi. Mashine haikutaja nozo. Aliyeitaja ni fundi wako.

Abadilishane koili, kile kifaa kinachoipa plagi umeme wa cheche, ya silinda ya 2 na ya 3. Ni kazi ya spana namba 10, hata chai haijapoa. Afute kosa kwenye kompyuta, gari lilale, asubuhi mpime tena. Ikija P0303, yaani sasa inamisi ya 3, ugonjwa umehama na koili, na koili ndiyo mbovu. Ikibaki P0302, fanyeni vivyo hivyo kwa plagi, nozo iwe ya mwisho.

Lakini hiyo harufu ya asubuhi inanifanya hata mimi niishuku nozo, ila moja. Pampu iliyo ndani ya tangi husukuma petroli kwa presha ya kama ba 3 mpaka mlangoni pa nozo. Kompyuta ikishasoma hewa inayoingia na joto la injini, huipa nozo umeme kwa sehemu chache tu za elfu za sekunde. Sumaku inanyanyua sindano, petroli inatoka kama ukungu, mlango unafungwa. Uchafu ukinasa kwenye sindano, mlango haukazi. Gari likilala, presha iliyobaki inadondosha tone moja moja, na asubuhi unawasha silinda iliyolowa. Wapo wanaoweka bisibisi sikioni wasikilize tik-tik ya nozo. Hapa haisaidii, maana nozo inayovuja hulia vizuri tu.

Ikithibitika ni yenyewe, ipelekwe kwenye mashine ya kusafishia nozo, ile yenye vioo vya kupimia, na irudi na ringi mpya za mpira. Waya usiiguse! Nilipoanza kazi kwenye gereji za Gerezani, Dar es Salaam, nilikuwa nimetoka kwenye kabureta, ambako kila jeti, kile kitundu cha petroli, dawa yake ni waya, nikachokonoa nozo ya mteja. Ikawa inakojoa badala ya kupuliza. Nililipa kwa posho yangu ya miezi miwili.

Kabla ya kuifungua, fundi achomoe soketi ya pampu chini ya kiti cha nyuma, awashe injini mpaka izime yenyewe, halafu atoe waya wa betri. Petroli yenye presha ikiruka juu ya injini ya moto, hiyo si habari ya nozo tena.

Na wewe, unatembelea taa ya mafuta ikiwaka? Acha, maana pampu hupozwa na petroli inayoizunguka tangini. Kisha niandikie asubuhi imetoka namba gani.