Usiache kazi kwa ahadi ya mteja mmoja

Mkuu subiri kwanza, hiyo barua ya kuacha kazi usiipeleke. Unasema una kazi ya mshahara, kuna kampuni imekuahidi kazi za kudizaini na kuchapisha mwaka mzima, kwa hiyo unataka kuacha mwisho wa mwezi ujiajiri, na unauliza usajili kampuni au utumie jina lako, ukodi ofisi au ufanyie nyumbani. Mambo ya ofisi weka pembeni kabisa. Huyo mteja mmoja ndo ananitisha.

Mimi niliacha kazi kwa ahadi ya namna hiyo hiyo. Meneja wao wa manunuzi aliniambia we acha tu, kazi zipo mpaka utazikimbia. Na kazi zilikuja kweli, hapo ndo watu hawanielewi, zilikuja nyingi! Vipeperushi, mabango, kalenda. Karatasi nanunua kwa akiba yangu, vijana wa mashine wanataka chao siku hiyo hiyo, mzigo napeleka, invoisi inagongwa muhuri wa kupokelewa, halafu ndo naambiwa utaratibu wao ni kulipa baada ya siku 90. Zikaisha. Napiga simu uhasibu, mara iko mezani kwa bosi, mara anayesaini kasafiri, mara invoisi haionekani lete kopi, na huku wanatuma oda nyingine naogopa kuikataa maana sina mteja mwingine. Kwenye daftari nina faida, mfukoni sina hata nauli, na mwenye karatasi anadai chake. Akiba ikaisha yote. Yule meneja naye akahamishwa, aliyekuja akaja na watu wake, na mimi sikuwa na mkataba hata wa ukurasa mmoja.

Halafu kuna hawa wahamasishaji, "thubutu tu, mengine yatajipanga". Wananikera mno. Wao kiingilio cha semina mnalipa mlangoni kabla hawajafungua mdomo, mbona hawakopeshi?

Sikiliza, usiache mshahara mpaka wateja watatu tofauti wawe WAMEKULIPA, sio wamekuahidi, na kila mmoja awe amerudi tena na kulipa tena. Kabla ya hapo piga kazi jioni na wikiendi, kama mkataba wa mwajiri wako unaruhusu. Na nusu ya hela ishike kabla hujanunua hata rimu moja. Mteja anayekupa 80% ya mapato yako huyo ni bosi, ila bosi asiyekulipia likizo, bima wala pensheni. Kucheleweshewa malipo sio bahati mbaya ya mtu mmoja mmoja, Umoja wa Ulaya mpaka ulitunga sheria ya kuwabana wachelewaji mwaka 2011.

Leo hii mpigie huyo mtu wa kampuni, muulize wanalipa baada ya siku ngapi na advansi wanatoa asilimia ngapi, akuandikie kwa barua pepe. Akianza kuzungukazunguka, Jumatatu uko kazini kwako kama kawaida. Akikujibu lete hapa tulipitie kabla hujasaini chochote.