Wenzangu wanapelekwa Dubai, mimi napelekwa kutazama nyumba za udongo

*Shangazi, nina miaka 55 na naishi Texas na mume wangu. Watoto watatu wameshaondoka nyumbani. Mwaka huu tumetimiza miaka 30 ya ndoa. Nikajua nitapelekwa Dubai kama wenzangu. Tukaishia Santa Fe, New Mexico, siku 11, kutazama nyumba za udongo! Mume wangu anasimama mbele ya picha moja nusu saa, hasemi kitu. Akanunua chungu cheusi kwa dola 340 bila hata kuomba apunguziwe, na yeye ni Mpare. Sasa anataka turudi huko mwisho wa kiangazi, eti kuna sanamu inachomwa. Nahisi ana mwanamke, au kichwa kimeguswa. Nimkatalie? — Mama Watatu*

Mama Watatu, pole kwa uchovu wa safari. Pole yenyewe ndiyo hiyo, sasa tuongee.

Barua yako ina kurasa nne, hapo juu nimeifupisha. Nimeisoma mara mbili. Bei nimezihesabu tisa: mafuta, hoteli, kiingilio cha kanisa, hata makande umeyaandikia bei. Unasema mumeo hasemi kitu. Lakini ukurasa wa pili umeandika kwa mkono wako kwamba alikuita "njoo uone" mara tatu, nawe ulikuwa nje unaongea na dada yako kwa simu. Mtu anayeita mara tatu si bubu, mwanangu.

Na unajua alikuwa anakuitia nini? Ulichokiita "kanisa lenye ngazi tu" ni Loretto. Ile ngazi ina vidato 33, inajizungusha mizunguko miwili kamili mpaka juu, na katikati haina nguzo. Masista wanasimulia kwamba walisali siku tisa wakiomba fundi, akatokea mzee mmoja, akaijenga, akaondoka bila kudai ujira. Wengine husema alikuwa Mtakatifu Yosefu mwenyewe. Amini usiamini, ngazi ipo. Usione vyaelea, vimeundwa. Wewe uliona kiingilio.

Habari ya mwanamke tuimalize haraka. Umeandika kwamba siku zote 11 alikuganda kama kupe. Sasa huyo hawara alimwona saa ngapi?

Mimi Santa Fe nimefika. Nina mpwa wangu muuguzi, anafanya kazi Albuquerque, akanipeleka. Mji uko juu kuliko Lushoto, zaidi ya mita 2,100, kwa hiyo unapomlaumu mumeo kwamba "anatembea kama konokono na kila benchi anakaa", kumbuka umri wake na hewa ya kule. Mimi nilihema kama mbuzi kabla hata sijafika nusu ya Canyon Road, ile barabara ya maduka ya picha. Nikakaa kwenye ukuta mfupi wa udongo uliopigwa lipu kwa mkono, ukiangalia vizuri unaona majani makavu yamejitokeza. Ukuta ulikuwa umeshika joto la jua. Nikakaa pale zaidi ya nilivyohitaji.

Na lile "banda refu" ulilolipita bila kugeuka ni ikulu ya magavana wa Kihispania, ilianza kujengwa 1610. Mwaka 1680 wenyeji walimtimua Mhispania, wakaishika hiyo nyumba miaka 12. Hiyo ni miaka 225 kabla ya Maji Maji yetu. Barazani pake ndipo wanapokaa wale akina mama na wazee wa Kihindi Wekundu, migongo ukutani, bidhaa zao juu ya kitambaa: bangili za fedha, vito vya feruzi, vyungu. Hawauzi pale mpaka kitu kiwe kimetengenezwa na mikono yao au ya nyumba yao. Chungu cheusi cha namna ile husuguliwa kwa kokoto laini mpaka king'ae, kisha huchomwa kwa moto unaofukiwa kwa samadi kavu, moshi ukose pa kutokea. Udongo unaingia mwekundu, unatoka mweusi. Mimi ni Mchaga, Wapare ni watani zangu, nawajua. Mpare akitoa dola 340 bila kubisha, kuna jambo.

Jambo lenyewe liko ukurasa wa tatu. Umelipitisha kama mtu anayepitisha magendo mpakani. "Mama yake marehemu alikuwa mfinyanzi Usangi, ndiyo ushamba wake huo." Mistari miwili chini: alipofariki hamkuweza kwenda kumzika kwa sababu ya makaratasi. Kisha ukarudi kwenye bei ya hoteli.

Hapo nilivua miwani.

Mwanamume hakumzika mama yake. Akaendesha gari zaidi ya siku nzima mpaka mji wenye nyumba za udongo, akakukalisha mbele ya bakuli la posole, ambayo ni makande yasiyo na maharage, na yale maandazi yao yenye uwazi ndani yanayotiwa asali. Akamkuta mama wa watu amekaa chini na vyungu. Alitaka apunguziwe nini?

Ndoa za siku hizi, hasa huko ughaibuni, nyingi ni kamati ya harusi iliyosahau kuvunjwa. Miaka 30 ajenda ni ada, rehani ya nyumba, zamu za usiku, nani anamchukua mtoto. Mmoja akirudi, mwenzake anatoka, mnaachiana ujumbe mlangoni kwa friji. Watoto wakiondoka, mwenyekiti na katibu wanatazamana, hawana ajenda. Mwanamume akitaka kusema neno ambalo si la pesa, mke anadhani anaumwa. Na wanaume nao wana lao, hawasemi, wananunua vyungu. Wasichana mnaoingia kwenye ndoa leo na orodha ya miji ya kupigia picha, mnanisikia. Dubai haiendi popote, lakini hiyo habari tuiache, nitaandika siku nyingine nisije nikapandisha presha.

Sanamu inayochomwa si uchawi kama ulivyomwandikia mchungaji wako. Inaitwa Zozobra, maana yake mahangaiko ya moyo. Wameichoma tangu 1924, ni kubwa kama nyumba ya ghorofa nne, na inanguruma inapoungua. Kabla ya kuwashwa, watu huiwekea ndani karatasi za machungu yao: barua, hati za talaka, majina ya waliokufa.

Kwa hiyo usimkatalie. Nenda, na viatu vya kutembelea, maji ya kunywa mengi. Dada yako mwambie utampigia ukirudi. Chungu kitoe juu ya friji, kiweke panapoonekana, umwulize mumeo mama yake alikuwa anauchimba wapi udongo wake.

Barua yako nakurudishia. Mkifika kule, uitie ndani ya Zozobra, kurasa tatu. Ule wa tatu uubakize, umsomee.