Kwa mwanafunzi anayeanza kusoma Tabaqat ya Ibn Saad

Ndugu mwanafunzi, usiifungue Tabaqat, kitabu cha wasifu wa Maswahaba na waliowafuata, kwa kutafuta jina kama unavyotafuta neno kwenye kamusi. Ibn Saad hakuwapanga watu kwa alifu, be, te. Ameanza na sira ya Mtume (s.a.w.), akafuatisha Maswahaba waliopigana Badri, Muhajirina kwanza kisha Ansari, na baada yao waliotangulia kusilimu lakini Badri hawakuwepo. Halafu anageukia miji: Madina, Makka, Taif, Yemen, Kufa, Basra, Sham, Misri na kwingineko. Wanawake amewawekea juzuu yao mwishoni. Kwa hiyo kabla hujauliza jina liko ukurasa gani, jiulize mtu huyo alisilimu lini na aliishi wapi.

Wengine utawakuta mara mbili. Abdullah bin Masud yumo kwa watu wa Badri, na yumo tena kwa Maswahaba waliohamia Kufa. Mahali pa pili habari zake ni fupi, kwa sababu mwandishi ameshamweleza huko nyuma. Nimeona wanafunzi wengi wakinukuu hapo pafupi na kuondoka.

Sasa nikwambie jambo ninalotaka ulishike kuliko yote: usichukue maneno kabla hujajua nani anasema. Muhammad bin Saad alizaliwa Basra mwaka 168 Hijria hivi, akafia Baghdad mwaka 230, sawa na 845 Miladia. Alikuwa karani wa al-Waqidi, mpaka akaitwa kwa sifa hiyo, na sehemu kubwa sana ya kitabu imetoka kwa mwalimu wake huyo. Wakosoaji wa hadithi hawakuwapima sawa. Ibn Hajar amemwita Ibn Saad mkweli, na akasema al-Waqidi ameachwa, yaani hadithi zake hazitegemewi, pamoja na upana wa elimu yake. Ukisema tu "Ibn Saad amepokea", umeficha nusu ya habari.

Hapa wageni hunaswa, maana ndani ya kitabu jina "al-Waqidi" hulioni mara nyingi. Utasoma "ametueleza Muhammad bin Umar", ukapita bila kujua kwamba huyo ndiye al-Waqidi. Kiandike kipande hicho cha isnadi, yaani mnyororo wa wapokezi, kwenye daftari, kila mara, kabla ya matini, yaani maneno yenyewe ya habari. Pembeni waandike wapokezi wake wengine: al-Fadl bin Dukayn, Affan bin Muslim, Yazid bin Harun, na Hisham bin al-Kalbi kwenye nasaba. Ukishazoea majina haya utaanza kusikia sauti tofauti ndani ya ukurasa mmoja. Kwenye habari za vita kuna jambo jingine: mara nyingi hutajwa wapokezi kadhaa kwa pamoja, kisha huelezwa kwamba maneno ya baadhi yao yameingia ndani ya maneno ya wengine. Simulizi ya namna hiyo huwezi kuipasua ukampa kila mmoja fungu lake.

Lakini usije ukamtupa al-Waqidi. Ibrahim al-Harbi amesimulia kwamba Ahmad bin Hanbal alikuwa kila Ijumaa akimtuma Hanbal bin Ishaq kwa Ibn Saad kuchukua juzuu mbili za hadithi za al-Waqidi, akazipitia mpaka Ijumaa nyingine, akazirudisha na kuchukua nyingine. Imamu Ahmad, na ukali wake wote katika hadithi! Alitaka kujua kilichosemwa, kisha apime mwenyewe. Mimi naipenda sana adabu hiyo.

Angalia pia chapa uliyonayo. Ile ya Leiden aliyoisimamia Eduard Sachau, na ya Beirut iliyokuja baadaye, zina mapengo. Ukimtafuta Hasan au Husein bin Ali humo ukakosa tarjuma yake, yaani wasifu wake, usiseme Ibn Saad kamwacha. Sehemu hizo zilichapishwa baadaye, na chapa ya Kairo ya mwaka 2001 imezirudisha.

Na vitu vidogo usiviruke. Jina la mama, watoto, nguo, rangi ya ndevu, nani alimsalia maiti: humo ndimo mtu anapoonekana. Anas anasimulia kuwa aliona viraka vinne baina ya mabega ya Umar kwenye kanzu yake. Khalifa huyo! Orodha ya vita isingekueleza hivyo.

Mimi ningekuanzisha na juzuu ya wanawake, kwa Umm Umara, Nusayba binti Kaab. Alitoka kwenda Uhud na kiriba cha maji, akarudi na majeraha kumi na mawili ya mikuki na panga, na siku ya vita vya Yamama akakatwa mkono. Isome tarjuma yake yote bila haraka, kisha irudie na kalamu mkononi, uweke alama kila penye "Muhammad bin Umar". Riwaya zisizopita kwake ziandike upande wa pili wa daftari, halafu umpelekee shekhe wako mzijadili.