Msumeno wa Betri Umeshushwa Bei: Niununue?

SWALI: Mhariri, salamu. Mimi na mume wangu tumenunua nyumba kuukuu hapa Morogoro na tunaikarabati wenyewe kidogo kidogo. Dukani nimeona msumeno wa betri wa volti 18, ule wenye bledi nyembamba iliyochomoza, inayokwenda mbele na nyuma. Bei yake imeshushwa kutoka shilingi 320,000 hadi 190,000. Nataka kukatia matawi ya mwembe, kuondolea papi za zamani zilizojaa misumari, kisha nitengenezee kabati la jikoni. Je, niununue?

JIBU: Dada msomaji, kabla ya kuitazama bei, omba boksi lifunguliwe. Misumeno mingi ya aina hii huuzwa mashine tupu, bila betri wala chaja, na maandishi yanayoeleza hivyo huwa madogo pembeni mwa boksi. Ukikuta ndivyo ilivyo, uliza bei ya chaja na ya betri ya ampea-saa 4 au 5 (kipimo cha chaji ambayo betri hubeba), kisha ujumlishe, kwa kuwa vitu hivyo viwili vinaweza kulimeza punguzo lote na kudai zaidi. Lakini kama tayari mna drili ya kampuni hiyohiyo, yenye betri zinazoingia katika msumeno huo, basi mashine tupu ndiyo inayowafaa. Nendeni na betri yenu dukani mkaijaribu, maana betri za kampuni tofauti kwa kawaida haziingiliani hata volti zikilingana. Wala usiongeze fedha kwa sababu tu boksi la jirani limeandikwa volti 20: mara nyingi ndani mna seli tano za lithiamu zilezile, ambazo zikijaa hufika volti 20 na zikiwa kazini hukaa kwenye 18.

Kuhusu kazi ulizozitaja, mbili za kwanza ndizo hasa za msumeno huu, lakini ya tatu siyo. Huu ni msumeno wa kubomolea. Bledi yake hupinda ikiwa ndani ya mbao na kuacha ukingo uliochanika, kwa hiyo ukikatia mbao za kabati, milango haitakaa sawa. Mbao hizo mpelekee seremala mwenye msumeno wa duara akukatie kwa vipimo vyako, kisha uunganishe mwenyewe nyumbani.

Bledi ndiyo inayoamua kazi kuliko mashine. Hesabu meno katika inchi moja: matano au sita makubwa yanafaa matawi mabichi, kumi hivi yanafaa mbao yenye misumari, na kumi na manane au zaidi yanafaa bomba la chuma. Kwa papi zako, chagua bledi ambayo boksi lake linasema inakata mbao pamoja na misumari, kwani ile ya matawi itapoteza meno kwenye msumari wa kwanza. Habari njema ni kwamba kishikio cha bledi hizi hulingana katika kampuni nyingi, kwa hiyo hutafungwa na duka moja.

Mwombe muuzaji akuruhusu kukata kipande cha mbao palepale. Kandamiza lile bapa la mbele mpaka liguse mbao barabara ndipo ubonyeze swichi. Likiachia nafasi, mashine itakurusha mikono, na wanaoanza wengi hudhani ni mbovu. Sikiliza kama mota inakwama, chomoa betri, kisha ubadilishe bledi mwenyewe uone kama kishikio kinaibana bila kulegea. Miwani ya kukinga macho iwe ndani ya bajeti hiyohiyo, hasa kwa kazi ya papi, ambapo utakuwa unakata huku umeinua uso na vumbi la miaka linakushukia.

Mashine ikikata vizuri, na jumla pamoja na betri ikawa bado chini ya bei ya seti kamili katika maduka mengine mawili, inunue, udai risiti ya EFD na dhamana inayotaja betri kwa maandishi.